Baba mkubwa, pangaboi na uso uliogeuka marumaru: simu ya video inavyobanwa

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilikutana Jumapili saa mbili usiku kwa simu ya video. Wanakamati wametawanyika Mbagala, Kigamboni, Tegeta na mmoja yuko Muscat, na hakuna aliyekuwa tayari kukaa foleni saa mbili ili akabishane kuhusu bei ya ukumbi. Mwenyekiti, baba mkubwa, alikuwa sebuleni kwake Mikocheni, na simu ya bei mbaya na faiba iliyovutwa hadi ndani ya nyumba. Shangazi alikuwa Mbagala na simu ya laki mbili na bando la wiki.

Shangazi tulimwona hadi hereni. Baba mkubwa akageuka marumaru. Uso wake ulikuwa viboksi vya kahawia vinavyobadilishana nafasi, mara mdomo uko shavuni, mara ameganda kabisa huku sauti ikiendelea: "Mnaniona? Mbona mmekaa kimya?"

Hukumu ilitoka papo hapo: mtandao wake mbovu, ahame kampuni. Mtandao ulichangia, nitafika huko. Lakini kosa kubwa lilikuwa linazunguka juu ya kichwa chake, na lina mapanga matatu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuamini kazi inayofanyika humo ndani. Picha ya HD ya kawaida kwenye simu ya video ina pikseli, vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, 1280 kwa 720, yaani pikseli 921,600. Kila pikseli inabeba rangi tatu, kila rangi biti 8 (biti ni sifuri au moja ya kompyuta), jumla biti 24. Kamera inapiga fremu, yaani picha moja moja, 30 kila sekunde. Zidisha zote: zaidi ya megabiti 660 kwa sekunde. Dakika moja ni karibu GB 5. Bando la shangazi lingekwisha kabla hajamaliza salamu, na salamu za shangazi hazina ufupi.

Kinachosafiri kweli, mambo yakiwa mazuri, ni megabiti 1 hivi kwa sekunde, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo katika kila biti mia sita zilizoingia kwenye kamera, inatumwa moja. Tukisikia neno "kubana" tunafikiria nguo zilizosindiliwa kwenye begi: zote zimo, zimekaliwa tu. Faili la zipu ndivyo lilivyo. Video siyo hivyo. Nguo nyingi zinaachwa nyumbani, na mjumbe anatumwa na maelezo ya jinsi ya kushona zinazofanana nazo akifika.

Anayeandika maelezo hayo ni programu inayoitwa kodeki. Upande wa pili kuna kodeki nyingine inayoyasoma na kuichora picha upya, kazi ileile ambayo king'amuzi cha televisheni kinaifanya. Hila ya kwanza ya kodeki ni nyepesi: jicho la binadamu linashika mwanga na kivuli vizuri kuliko rangi, basi rangi inahifadhiwa kipimo kimoja kwa kila pikseli nne. Nusu ya mzigo imeondoka na hakuna aliyegundua.

Hila ya pili ndiyo roho ya jambo lote. Chukua doti ya kanga. Ukitaka kumweleza mtu kwa simu kanga uliyoiona Kariakoo, kipande cha kwanza utakieleza chote: pindo lake, mji wake, jina lililoandikwa. Kipande cha pili huelezi. Unasema tu, "na cha pili kama hicho." Kodeki inafanya hivyohivyo. Fremu ya kwanza inaelezwa nzima. Fremu ya pili, ambayo imepigwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde baadaye, inaelezwa kwa tofauti tu: ukuta uleule, kochi lilelile, kabati lilelile, ila kichwa kimesogea kushoto kidogo. Picha inakatwa viboksi, vya kawaida pikseli 16 kwa 16, na kila kiboksi kinapewa agizo: nenda kwenye fremu iliyopita, chukua kipande kilichokuwa pale, kisogeze pikseli tatu kushoto, kiweke hapa. Agizo hilo ni biti chache mno. Mtu aliyetulia mbele ya ukuta mtupu anatumwa karibu bure.

Palipobaki tofauti ambayo agizo la kusogeza halikuiziba, ndipo inapoingia hila ya tatu, na hapo ndipo marumaru yanapozaliwa. Kiboksi kinabadilishwa kuwa orodha ya namba: ya kwanza inasema mwanga wa wastani wa kiboksi kizima, zinazofuata zinasema mabadiliko mapana, kama uso unavyofifia kutoka paji hadi kidevu, na za mwisho zinasema vitu vidogovidogo kama nywele, nyuzi za kitambaa na vinyweleo vya ndevu. Njia hii ya hesabu ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed na wenzake wawili, na picha nyingi za JPEG ulizonazo kwenye simu zimepita humo.

Baada ya hapo namba zinakadiriwa, kama mfanyabiashara anayekataa kushika chenji. Biti zikiwa nyingi, kodeki inahesabu hadi shilingi hamsini. Zikipungua, inahesabu kwa noti za elfu tu. Zikipungua sana, inashika noti za elfu kumi peke yake, na chochote kilicho chini ya hapo inakiita sifuri. Nywele zinaondoka kwanza, halafu mikunjo ya ngozi, halafu kivuli cha pua. Mwisho kiboksi kinabaki na namba moja tu, ile ya wastani: rangi moja, mraba mmoja. Weka miraba hiyo pembeni kwa pembeni, umepata sakafu. Kodeki zina chujio la kulainisha mipaka ya viboksi, lakini likizidiwa linachofanya ni kugeuza marumaru kuwa ugali.

Kwa hiyo swali la ubora ni swali la bajeti. Kila fremu ina biti zake, na kila kitu kilicho mbele ya kamera kinazigombania. Tuseme simu yako imepata kilobiti 600 kwa sekunde. Gawanya kwa fremu 30: biti 20,000 kwa fremu. Ukilazimisha HD ya pikseli 921,600, ni biti moja kwa pikseli 46. Ukishuka kwenye 640 kwa 360, biti moja inahudumia pikseli 11 au 12. Ukikubali na fremu 15 badala ya 30, pikseli sita hivi. Bajeti ni ileile ya chai na maandazi, wageni ndio wamepungua. Ndiyo maana shangazi, ambaye simu yake haikuwa na ubavu wa HD, alipendeza, na baba mkubwa, ambaye aliwasha HD kwa makusudi kwa sababu simu ameilipia, akaharibika. Programu nyingi hushusha ukubwa zenyewe biti zikipungua, lakini zinachelewa, na mtu akiwa amezishikia bango zinachelewa zaidi. Kwenye kioo cha simu tofauti kati ya 360 safi na 720 safi ni ndogo. Kati ya 360 safi na 720 ya marumaru ni kubwa.

Sasa pangaboi. Kwa kodeki hakuna adui mbaya zaidi ndani ya nyumba ya Dar es Salaam. Kumbuka agizo la kusogeza: linajua kusukuma kiboksi kushoto, kulia, juu, chini. Panga linazunguka, na kodeki za kizazi cha H.264 na VP8, ambazo bado zinabeba simu nyingi za video, hazina agizo la kuzungusha. Juu ya hapo panga linakwenda kasi kiasi kwamba kila fremu inalikuta mahali papya, limefifia. Kila fremu ni kanga mpya, inaelezwa upya. Na kwa baba mkubwa taa ilikuwa juu ya mapanga, hivyo vivuli vilikuwa vinafagia ukuta wote nyuma yake mara kadhaa kwa sekunde. Ukuta ambao ungetumwa bure ulikuwa unadai biti kuliko pua ya mwenye nyumba. Kodeki haijui kwamba tulikuja kumwona yeye. Inaona mabadiliko, inalipa mabadiliko.

Pazia linalopeperushwa na upepo ni ndugu yake pangaboi, hasa likiwa la kitenge chenye maua madogomadogo. Mwembe unaotikisika dirishani vilevile. Na kushika simu mkononi huku unatembea kunasogeza dunia nzima kwa mpigo. Egemeza simu kwenye chupa ya chai. Tofauti inaonekana ndani ya sekunde mbili.

Kuna adui mwingine ambaye haonekani kwa macho: giza. Kamera ya simu ikikosa mwanga inaikuza ishara dhaifu iliyoipata, na pamoja nayo inakuza chengachenga, zilezile tulizoziona kwenye televisheni za antena ya mabomba. Chenga hazina mpangilio. Ya fremu hii haihusiani na ya fremu iliyopita, kwa hiyo hila ya doti haifanyi kazi kabisa. Simu inatumia biti zako za thamani kumtumia mtu wa Muscat vumbi la umeme. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaumia zaidi tukikaa na dirisha au taa mgongoni: kamera inajipima kwa mwanga mkali wa nyuma, uso unazama kwenye sehemu ya giza ya picha, na tofauti ndogo za giza ndizo chenji ambayo kodeki inaitupa kwanza. Geuka. Dirisha liwe mbele yako, ukuta mtupu nyuma. Hakuna simu ya milioni mbili inayoshinda hilo.

Mtu atauliza: mbona mpira kwenye televisheni una wachezaji 22, majani na mashabiki wanaoruka, na unaonekana safi? Nenda vibanda umiza viwili jirani siku ya mechi kubwa. Kimoja wanashangilia goli, kingine bado mpira uko katikati ya uwanja. Pengo hilo ni muda ambao picha inakaa njiani, na sehemu yake ni kodeki ya matangazo ikifanya kazi bila haraka: inasubiri fremu zijazo ili zisaidie kueleza zilizopita, inakusanya biti kutoka nyakati tulivu na kuzitumia kwenye nyakati za fujo. Mitambo yake ni mikubwa na bajeti ni megabiti kadhaa. Simu ya video haina ruhusa ya kusubiri. Mapendekezo ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja kama mnataka mazungumzo ya kawaida, ikizidi sana mnaanza kukatizana, kila mtu anasema "endelea wewe." Kwa hiyo kodeki ya simu inatazama nyuma tu, haioni mbele, na inafanya yote ndani ya kifaa kinachopoa kwa hewa ya sebuleni. Hapo joto la Dar linaingia kwenye hesabu: simu ikichemka inajipunguzia kasi, na mtu anayepiga simu ya video huku anachaji, mwezi wa pili, saa nane mchana, anaiomba miujiza.

Kuganda ni ugonjwa mwingine, wenye chanzo kingine. Kwa kuwa kila fremu inasimama juu ya iliyopita, kipande kimoja kikipotea njiani mnyororo unakatika. Dikoda, ile kodeki ya upande wa pili inayochora picha, ina machaguo mawili mabaya: ionyeshe picha iliyokosewa, na hapo ndipo mdomo unapohamia shavuni, au isimame isubiri. Inaweza kuomba kipande kitumwe tena, na kwa watu walio karibu hilo linafaa. Ikishindikana inaomba fremu nzima mpya, inayoelezwa kuanzia pindo hadi jina. Fremu hiyo ni nzito mara kadhaa kuliko za kawaida, na inatumwa wakati ambapo njia tayari imebana. Nayo ikipotea, mzunguko unaanza upya. Programu nzuri hupanga fremu kwa ngazi, ili zile za ngazi ya juu zikipotea za chini zisiyumbe. Ni kama kujenga ghorofa kwa namna ambayo kuvunjika balkoni hakuangushi nyumba.

Kinachopoteza vipande mara nyingi ni foleni. Ruta ya nyumbani na mnara wa simu vyote vina mahali pa kuwekea paketi, yaani vipande hivyo vya data, zinazosubiri zamu. Mjukuu akipakia video zake huku babu yuko kwenye kikao, paketi za babu zinasimama nyuma ya za mjukuu kama daladala nyuma ya malori ya Mandela Road. Faiba ina kasi, ndiyo, lakini waifai ya chumba cha mwisho na njia ya kupandisha data ndizo zilizokuwa zimebana, na wengi wetu tunapopima kasi tunasoma ile ya kushusha tu. Programu za simu zina akili ya dereva mzoefu: zinatazama kama paketi zinaanza kuachana kwa nafasi kubwa kuliko zilivyotumwa, dalili kwamba foleni inajengeka mbele, na zinapunguza biti kabla hazijagonga. Zinapunguza biti, kodeki inahamia noti za elfu kumi, na marumaru yanarudi. Ndiyo maana naona ni uonevu kuilaumu kodeki pekee, au mtandao pekee.

Umbali nao unadai chake. Simu ya watu wawili inaweza kwenda moja kwa moja, lakini kikao cha watu wengi hupitia seva inayogawa picha kwa kila mmoja. Seva ikiwa mwisho wa mkongo wa kilomita 10,000, mwanga ndani ya nyuzi unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, hata kama mmoja yuko Tabata na mwenzake Tegeta. Milisekunde 100 kati ya 150 zimeliwa kabla kodeki haijafungua mdomo. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika pamoja upande wa kusini, tuliona upande wa pili wa jambo hilo: data ya nchi nzima inasukumwa kwenye njia chache zilizobaki, na video ndiyo ya kwanza kuanguka.

Sauti inadumu kwa sababu ni nyepesi mno. Kodeki ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, inatoa sauti safi ya mazungumzo kwa kilobiti 32 au chini. Saa nzima ya sauti kwenda na kurudi ni karibu MB 29. Saa nzima ya video ya kilobiti 600 kwenda na kurudi ni MB 540. Sauti ikianza kukwaruza, zima kamera bila aibu. Na kwa anayehesabu bando, WhatsApp ina swichi ya kutumia data kidogo wakati wa simu, kwenye mipangilio ya hifadhi na data.

Je, kodeki mpya hazitatuokoa? Kidogo kidogo. Safari ilishika kasi na H.261 mwaka 1988, iliyotengenezwa kwa laini za simu za kilobiti 64 na mafungu yake. H.264 ikaja 2003, H.265 mwaka 2013 kwa lengo la kupata ubora uleule kwa nusu ya biti, na AV1 mwaka 2018, ambayo haina ada ya leseni na inajua hata kuzungusha na kupinda vipande, kwa hiyo pangaboi haliipigi chenga kirahisi. Google walitangaza mwaka 2020 kuiingiza kwenye programu yao ya Duo kwa ajili ya mitandao dhaifu. Tatizo ni kwamba kila hila mpya inadai hesabu zaidi, simu ya laki mbili inachoka, na simu mbili zinapopigiana zinakubaliana kodeki ambayo zote zinaielewa. Ukiwa na ya kisasa na mwenzako ana ya zamani, mtazungumza lugha ya zamani.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Oktoba 2020 NVIDIA, kampuni ya chipu za kompyuta, walionyesha mfumo unaotuma picha moja ya uso, halafu alama chache tu za macho, pua na mdomo unavyosogea, na mashine ya upande wa pili inauchora uso. Biti zinapungua ajabu. Mimi sina raha nao. Nikimpigia mama nataka nione kama amekonda, siyo mashine inavyokisia angeonekana.

Jumapili iliyofuata tulihamisha kikao saa kumi jioni. Kabla ya hapo nilipita Mikocheni. "Shikamoo baba mkubwa, leo tunazima pangaboi." Alinitazama kama nimemwomba auze kiwanja. HD tukazima, kiti tukakigeuza kitazame dirisha, simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, wajukuu wakapigwa marufuku kupakia chochote hadi watakapoambiwa.

Alionekana vizuri kuliko watu wote. Tuliona miwani, tuliona mvi moja moja, tuliona jasho likichuruzika kutoka paji la uso hadi kwenye kola ya shati. Ajenda ya ukumbi, iliyokuwa imekula vikao vitatu, aliipitisha kwa dakika tano. Ya mapambo hakuisoma, alisema waachiwe akina mama. Kabla ya saa kumi na moja kasoro robo alifunga kikao, na kitu cha mwisho tulichokiona ni mkono wake ukinyanyuka kuelekea swichi ya ukutani.